Aliyeshika Miguu ya Maiti

Sehemu ya tisa

"Weye iko mutoto ya nani?"

Hapo ndipo tulipomwacha Cyprien wiki iliyopita, tukaenda zetu kula. Wengine wenu mmenisema vibaya: mwandishi gani anamwacha kijana wa watu kifudifudi sakafuni, ameshika miguu ya maiti asiyemjua, chumba kizima kinamkodolea macho? Haya, nimerudi. Naye bado yuko pale pale chini, na ile miguu hajaiachia.

Aliyeuliza ni Mama Germaine, mjane mwenyewe. Aliyelala kitandani na suti yake ya Pasaka ni Papa Benoît, aliyekuwa kalani mkuu wa kampuni ya kununua pamba na kahawa. Na kwa msomaji anayetushika leo kwa mara ya kwanza, Cyprien ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule ya biashara. Kichwa kizuri, viatu vya kuazima. Papa Benoît hakuwahi kumwona akiwa hai. Alikuja matangani kutafuta kazi.

Usicheke. Si akili yake. Aliletwa na parrain wake.

Shuleni waliambiwa kwamba kijana anayetaka ofisi atafute parrain, mkubwa wa kumshika mkono na kumjulisha kwa watu. Cyprien akampata Monsieur Hubert. Nani asiyemjua Monsieur Hubert hapa Kisangani? Rais wa klabu ya wale wanaojiita évolués, yaani weusi waliostaarabika, mkalimani wa wakurugenzi, mtu wa tai hata jua likiwaka vipi. Mafunzo yalianza kwa kupangusa baisikeli ya Monsieur Hubert. Yakaendelea na kucheka: muzungu akicheka nawe ucheke, ila sauti yako ikae chini kidogo ya yake. Kijana akapangusa, akacheka, miezi ikapita, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyejulishwa kwake.

Mpaka asubuhi ya leo.

"Alama za shule zinakupa karatasi," Monsieur Hubert alimwambia wakiwa njiani kwenda Mangobo kwa marehemu. "Batu njo banakupa kazi. Na batu bote banakutana wapi? Ku matanga! Directeur mwenyewe, muzungu wa kampuni, anakuja. Alors, lia kwa nguvu. Wengine bote watalia na mdomo, weye shika miguu. Atauliza: nani huyu mwenye moyo hivi? Na mimi niko pale, nakujulisha."

Sasa, ndugu zangu, hata mtoto wa kunyonya wa Kisangani anajua kulia kuna daraja zake. Jirani anasimama mlangoni, anamlilia marehemu kwa jina lake. Rafiki anakaa nje na wanaume, anakunywa kahawa, anasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Anayejitupa chini, akakumbatia miguu na kulia "Papa, unaniacha na nani," huyo ni mtoto wa kumzaa. Hakuna mwingine anayegusa miguu ile. Monsieur Hubert alilisahau hilo, maana kwenye klabu yao siku hizi wanalia kwa kitambaa, tena kilichopigwa pasi.

Na sasa amwambie nini? Mjane anasubiri jibu.

"Mama, mimi... mimi niko mwanafunzi," Cyprien akasema.

"Sikukuuliza kazi. Nimekuuliza mama yako."

Cyprien akamtafuta parrain wake kwa macho. Monsieur Hubert alikuwa anasoma kalenda ukutani, tena kwa makini, kama mtu anayetafuta sikukuu.

Kabla kijana hajapata la kusema, mama mmoja mnene akaruka kutoka kona, akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. Huyo ni Angélique, dada wa marehemu. Yeye na wifi yake hawajapikiana chungu kimoja tangu harusi.

"Pua!" akapiga kelele. "Eh batu ya Mungu, mukuje muangalie pua! Pua ya kaka yangu hii!"

Ukweli ni kwamba ilikuwa pua kama pua. Lakini matangani ukiambiwa pua, unaona pua. Wanawake wakasogea, wakatazama kitandani, wakatazama sakafuni, wakaanza kutikisa vichwa.

"Ulizaliwa wapi?" Angélique akauliza.

"Yangambi."

"Yesu wangu! Yangambi! Si kampuni ilimutuma kaka yangu Yangambi mwaka muzima, peke yake, bila huyu?" Huyu alikuwa Mama Germaine. "Na baba yako nani?"

"Simujui, mama. Mama yangu anasema alipanda boti, hakurudi."

"Alipanda boti! Na kaka yangu alirudi huku na nini? Na boti!"

Kana kwamba watu wengine wanatoka Yangambi kwa kuruka. Lakini nani ana muda wa kufikiri wakati habari tamu hivi imeingia ndani ya nyumba? Mpaka wanaume wa nje waliacha kahawa zao wakaja kuchungulia dirishani.

Hapa lazima mjue jambo moja, la sivyo mtacheka peke yenu. Mama Germaine hakupata mtoto. Ndugu wa mume walimsema sana kwa hilo, walimletea mumewe wasichana wawili watatu kutoka kijijini wamfanyie uzao, na Papa Benoît aliwarudisha wote kwa nauli yake. "Mimi na Germaine tunatosha," alisema. Kwa neno hilo yule mama alitembea mjini kichwa juu, maisha yake yote. Na sasa dakika moja ya kilio cha mwanafunzi wa biashara imelichukua.

"Nyumba imepata mwenyewe," Angélique akasema, akiangalia dari, kuta na viti. "Aliyekuwa anakaa bure atafute pa kwenda."

Ndipo gari likalia nje. Directeur amefika!

Ni mgeni hapa Kongo, hajui Kiswahili wala Lingala, na kila anachoambiwa anajibu "oui, oui," yaani ndiyo, ndiyo, hata aambiwe ghala linaungua. Wafanyakazi wanamwita Bwana Wiwi. Aliingia kofia mkononi, akainama mbele ya maiti, akaona kijana amekumbatia miguu, machozi usoni. Hayo yalikuwa machozi ya hofu, lakini machozi hayana rangi.

"Ni mtoto wake?" akamuuliza Monsieur Hubert kwa Kifaransa.

Monsieur Hubert alimtazama Cyprien. Alimtazama Bwana Wiwi. Akaiacha kalenda.

"Ndiye, Monsieur le Directeur. Mtoto wake wa pekee. Tena anamaliza shule ya biashara."

"Oui, oui. Baba alikuwa mwaminifu. Mwana aje ofisini Jumatatu, akae kwenye kiti cha baba yake."

Hivyo tu. Kiti cha kalani mkuu! Wenzake Cyprien wako shuleni wanavunja vichwa na hesabu za faida na hasara, na yeye amepewa kiti na mtu aliyemjua kwa muda wa kuvua kofia. Monsieur Hubert akainama kana kwamba anamwinua kijana kwa huruma, akamnong'oneza sikioni.

"Umeona? Njo vile batu wanajuana."

"Monsieur Hubert, mimi siko mutoto yake!"

"Nani amekuuliza? Iko batu wamelilia matanga ya mji huu muzima, hawakupata hata sabuni. Weye umelia mara moja tu. Bon, nyamaza."

"Na mama wa watu?"

"Atanyamaza naye. Wajane bote wananyamaza."

Mama Germaine kweli alinyamaza. Aliinuka kwenye mkeka. Watu wote wakageuka, maana mjane haondoki kwenye mkeka kabla mumewe hajazikwa, haijapata kuonekana. Akavua kitenge alichokuwa amejifunga kichwani kwa msiba, akakikunja, akakiweka mapajani mwa wifi yake.

"Kaa weye," akasema. "Mimi sina bwana hapa."

Akatoka kwenda uani kwa wapishi.

Wasomaji, nimemtania sana Cyprien na nitamtania tena, lakini pale aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Aliiachia ile miguu hatimaye. Akamfuata mama yule uani, akamkuta amesimama kando ya sufuria ya pondu, ile mboga ya majani ya muhogo, hatazami kitu.

"Mama, unisamehe. Mimi siko mutoto yake. Sikumujua hata kidogo."

"Ulimulilia juu ya nini?"

"Nilitaka... nilitaka kujulikana."

"Kwa nani?"

"Kwa muzungu, mama."

Mama Germaine akamgeukia. "Juu ya maiti ya bwana yangu?" akauliza.

Hakuna shule inayofundisha jibu la swali hilo.

"Basi rudi ndani," akasema mama yule. "Ulilia mbele ya batu bote. Ukane mbele ya batu bote."

Akarudi. Na hapo, jamani, ndipo nilipompenda kwa nusu na kumchukia kwa nusu. Alisimama katikati ya chumba akasema kwa sauti, kwa Kiswahili cha kila mtu: "Mimi siko mutoto ya Papa Benoît. Nimedanganya!"

"Anakana!" Angélique akarukia. "Muone vile anamuogopa huyu mwanamuke! Alimufuata uani, na mwanamuke akamutisha! Mutu asiye mutoto angekataa nyumba na kazi? Maskini, mutoto ya kaka yangu!"

Na watu wakakubali. Kadiri alivyokana ndivyo walivyoamini. Mzee mmoja akasema hata marehemu mwenyewe alikuwa hivyo hivyo, hakupenda makuu.

"Kijana anasema nini?" Bwana Wiwi akauliza.

"Anasema, Monsieur le Directeur," Hubert akatafsiri bila kupepesa, "kwamba hastahili baba mwema namna hiyo."

"Oui, oui," Bwana Wiwi akasema, akaguswa mpaka akatafuta kitambaa.

Cyprien alisikia kila neno. Ana Kifaransa, msisahau, tena cha kwanza darasani. Sentensi moja tu ilitosha kumsahihisha mkalimani. Alifungua kinywa. Akaona kile kiti cha ofisini, feni juu yake, akamwona mama yake ameachana na moshi wa samaki anaowauza soko la Kabondo. Akafunga kinywa.

Kwa Kiswahili alikuwa mkweli. Kwa Kifaransa alibaki mtoto wa marehemu.

Mama Germaine alikuwa amesimama mlangoni. Kifaransa hajui, lakini alimwona kijana akifungua mdomo na kuufunga. Hakumtukana. Alisema tu, "Mumulete mama yake. Wanaume wamesema vya kutosha."

Léon, dereva wa kampuni na jirani wa nyumba ile, akajitolea. "Mama yako anaitwa nani?"

"Marie-Jeanne. Mutu wa Isangi. Utamukuta soko la Kabondo, kwa samaki wa moshi."

Miezi yote ile parrain hakuwahi kumuuliza mwanafunzi wake jina la mama. Leo alilisikia, na ghafla akakumbuka mkutano wa klabu.

"Mkutano muhimu sana, Monsieur le Directeur. Naomba ruhusa."

"Hapana, Hubert, baki. Bila wewe hapa sielewi kitu."

Akatoka nje hata hivyo, mara moja tu, kutazama baisikeli. Baisikeli hakuna! Léon hakuona sababu ya kwenda Kabondo kwa miguu wakati chombo kizuri namna ile, kinachong'aa namna ile, kimeegemezwa ukutani. Monsieur Hubert akarudi ndani, akasimama nyuma ya mgongo wa Bwana Wiwi, ambao kwa bahati ni mgongo mpana.

Mama Marie-Jeanne alifika amekalia karia ya baisikeli, amejishika kiunoni mwa Léon, harufu ya moshi nguoni, amechukuliwa sokoni bila maelezo isipokuwa kwamba mwanawe yuko matangani na kuna maneno. Alimtazama Cyprien, akaona ni mzima, akashusha pumzi. Hakumsemesha. Alimtafuta mjane kwanza, akapiga magoti mbele yake.

"Pole, mama. Mungu akushike."

"Aksanti," Mama Germaine akasema. "Ingia umuangalie bwana yangu. Uniambie kama ulimujua. Kama ulimujua, sema, sitakupiga."

Watu zaidi ya hamsini wakasongamana katika nyumba ya vyumba viwili. Marie-Jeanne akakaribia kitanda. Akainama. Akatazama uso wa Papa Benoît taratibu, kama anavyotazama samaki ambaye hataki kumuuzia mtu akiwa ameharibika. Angélique alikuwa amemshika mkono mtu wa karibu mpaka yule mtu akalalamika.

"Simujui," Marie-Jeanne akasema. "Mungu amupokee. Huyu baba sijamuona siku hata moja."

"Angalia muzuri!" Angélique akafoka. "Alikaa Yangambi!"

"Mama, Yangambi iko na batu wengi. Mimi nilijua mumoja tu, na huyu si yeye."

Mama Germaine hakungoja zaidi. Alimpita wifi yake, akachukua kitenge chake alichomwachia, akajifunga, akakaa kwenye mkeka mahali pake, akaushika mkono wa mumewe. "Benoît," akasema, "unisamehe, Benoît." Akalia. Tangu asubuhi watu walikuwa wakilia nyumbani mle, lakini wote waliacha wakamsikiliza yeye. Cyprien naye alilia, bila mtu kumfundisha.

Laiti ningeweza kuwaachia hapo. Lakini Bwana Wiwi alikuwa ameona mjane anaondoka, mjane anarudi, mama wa samaki anapiga magoti, na hakuna aliyemweleza neno.

"Hubert! Wanasema nini? Hubert yuko wapi?"

Akageuka kumtafuta nyuma yake. Na alipogeuka, ule mgongo mpana ukaondoka njiani.

Marie-Jeanne alikuwa anajifuta mikono kwenye kitenge. Akainua uso. Mikono ikasimama.

"Jafari," akasema.

Watu wakatazamana. Hapakuwa na Jafari mle ndani. Ila mtu mmoja, mwenye tai, aligeuza kichwa haraka kabla hajajizuia, kama sote tunavyogeuka tukiitwa jina tulilopewa na mama.

"Jafari wa mashine ya mupunga," Marie-Jeanne akaendelea, taratibu. "Nilikungoja kwenye gati ya Yangambi mpaka watu wa boti wakanizoea. Kumbe uko hapa hapa."

"Mama," Cyprien akaingilia, "unakosea. Huyu njo Monsieur Hubert. Njo parrain yangu, mwenye kunisaidia."

Mama yake alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, wanawake wa mkekani wakainamisha vichwa.

"Parrain? Masikini mwanangu. Umeangukia miguu ya aliyelala. Baba yako njo huyu aliyesimama."

Kelele zilizopigwa pale zilisikika ng'ambo ya mto. Angélique, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa na pua ya kaka yake, sasa alikuwa wa kwanza kuapa kwamba ni masikio, muangalie masikio! Cyprien hakuangalia masikio. Alikuwa anamtazama mtu aliyempangusia baisikeli miezi yote ile, mtu aliyemfundisha kucheka chini ya wengine.

"Mama huyu anasema nini?" Bwana Wiwi akauliza. "Hubert, tafsiri!"

Mkalimani wa wakurugenzi akatafuta neno la Kifaransa, hakuliona. Akatafuta la Kiswahili, nalo halikuja.

Bwana Wiwi akachoka. Akamgeukia Cyprien. "Wewe basi. Wewe unajua Kifaransa. Mama yako amesema nini?"

Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Kiti kilikuwa bado chake, kwa kuwa mwenye kiti hakuelewa hata neno moja. Ilitosha aseme mama anamshukuru Monsieur le Directeur, na nyumba nzima isingejua. Mama Germaine, mkono wa mumewe ukiwa mkononi mwake, alimtazama akingoja. Mama yake naye alimtazama.

"Amesema, Monsieur le Directeur," Cyprien akaanza, kwa Kifaransa chake cha kwanza darasani, "kwamba marehemu si baba yangu. Nilimlilia ili unione. Nimekudanganya, na kiti si changu. Baba yangu ni huyu anayekutafsiria."

Bwana Wiwi akakunja kitambaa chake. Alimgeukia mkalimani wake polepole.

Monsieur Hubert akanyoosha tai. Akamtazama kijana kuanzia kwenye viatu vya kuazima mpaka usoni, na Kifaransa chake kikarudi chote, kizuri, kimenyooka, bila doa.

"Monsieur le Directeur," akasema, "kijana huyu mimi simjui."